Dawa za Miti: Tusizidharau, Tusizitumie Ovyo

Hapa Matwebe, kama katika vijiji vingine vya Rungwe, ni nyumba gani isiyojua jani la kutia juu ya kidonda, au gamba la kuchemsha kwa ajili ya kikohozi? Wengine huyaona mambo hayo kuwa ya kizamani. Wataalamu hawayadharau.

Sababu ni hii. Bakteria, yaani vijidudu viletavyo nimonia na vidonda vyenye usaha, vinazoea dawa za hospitali. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, iliokoa watu wengi mno. Lakini mtu akimeza vidonge ovyo, vijidudu vilivyo hodari husalia na kuzaana. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa bakteria zilizoshinda dawa. Ndiyo maana dawa mpya zinatafutwa, hata katika miti.

Kwetu Tanzania kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974. Mchunguzi hukausha jani au gamba, hulisaga na kulilowesha katika spiriti, kisha hutia tone lake katika kisahani kilichooteshwa bakteria. Pakitokea duara tupu kulizunguka tone, hujua kwamba mna kitu kinachoua vijidudu.

Lakini safari bado ni ndefu. Kitu kinachoua bakteria kisahanini chaweza pia kudhuru ini na figo za mtu. Lazima kijulikane ni kitu gani hasa, na kipimo chake ni kiasi gani. Mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba, huua bakteria, na waganga wa meno wameyatumia miaka mingi. Lakini mtoto akiyanywa yaweza kumwua.

Basi, tufanyeje? Tuwaulize wazee majina ya miti, tuyaandike. Achukuaye gamba asilibandue kuzunguka shina lote, maana mti utakufa. Mtoto akipumua mbiombio na kifua kikibonyea, usingoje chungu kichemke: mpeleke zahanati upesi, ukamwambie mganga dawa uliyompa. Akipewa vidonge, avimalize kama alivyoagizwa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba Mungu ametoa dawa katika ardhi. Na katika sura hiyo hiyo atuagiza tumheshimu mganga. Tuyashike yote mawili.