Mnyauko wa Viazi Matinyani: Pesa Iende Wapi Kwanza?

Viazi hupenda baridi. Mnyauko wa bakteria hupenda joto. Kwa hiyo mkulima wa Matinyani, kwenye joto la Kitui, anayevipanda kando ya bwawa la mchanga ameanza na mzigo. Ugonjwa huu hukaa udongoni, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya, iwe ya kienyeji au ya duka la pembejeo.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha ndio wenyewe. Mmea ukilegea ilhali udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, ni mnyauko. Kipimo hicho ni cha bure, na kitakuokoa usinunue trikoderma, ambayo kazi yake hasa ni kupambana na kuvu.

Mbegu ya bei ya chini zaidi ni viazi vya sokoni. Ndiyo pia inayotia hasara kubwa zaidi, maana kiazi huonekana kizima kumbe kimebeba bakteria. Mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa mbegu na afya ya mimea, ni ghali: ekari moja humeza takriban magunia 16 ya kilo 50. Tukichukulia gunia ni Sh3,000, hizo ni Sh48,000. Mimi ningepanda robo ekari kwa Sh12,000 kuliko kujaza ekari nzima mbegu ya kubahatisha. Kuwekea vijiti mimea yenye afya ili upate mbegu ya msimu ujao hakugharimu kitu, lakini usijaribu katika shamba lililowahi kunyauka.

Na kama udongo umeshaambukizwa? Jua tunalo. Mwagilia, tandaza plastiki inayopitisha mwanga, fukia kingo zake, uiache wiki 4 hadi 6 kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Kwa kitalu inafaa. Kwa ekari utahitaji zaidi ya mita 4,000 za mraba za plastiki, na bakteria walio chini sana hawatafikiwa na joto hilo.

Wengine husifu kufukia majani ya kabichi yaliyokatwakatwa, kilo 5 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa kipande cha mita 10 kwa 20, hiyo ni tani nzima. Nani hapa ana tani ya kabichi ambayo ng'ombe hawajaiona?

Linalolipa ni kubadilisha mazao. Ndengu, mtama, vitunguu na sukuma wiki vina soko, hivyo shamba halilali bure. Epuka nyanya, hoho na biringanya, ndugu wa viazi, na ung'oe viazi vinavyojiotea. Chunga pia maji yanayotiririka kutoka shamba la jirani lenye ugonjwa.

Mwenye Sh12,000 pekee anunue mbegu safi na kuipanda mahali ambapo hapajaona nyanya wala viazi kwa angalau misimu minne. Plastiki ingoje.