Ukiambiwa 'saa mbili' Guangzhou, uliza tena

HASARA ya safari ya kwanza ya China mara nyingi haitokani na mwizi wala tapeli. Hutokana na mambo madogo: vidole vilivyosomwa vibaya, saa iliyotafsiriwa nusu, stesheni iliyodhaniwa kuwa moja kumbe zipo kadhaa. Mfanyabiashara aliyezoea Namanga, Malaba au Rusumo, anayebadili fedha mpakani na kuzungumza na ofisa forodha bila woga, hushuka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, na kukuta ujanja wake mwingi haufanyi kazi.

Wengi huyageuza makosa hayo kuwa vichekesho vya kusimulia nyumbani. Ni vichekesho kweli, lakini kila kimoja kina bei yake. Treni iliyomwacha mtu ni siku moja zaidi ya hoteli na chakula. Namba iliyosikika vibaya ni mzigo usioweza kuuzwa kwa faida Kariakoo, Eastleigh wala Kikuubo.

Vidole viwili si mbili

Sokoni, mgeni asiyejua Kichina huuliza bei kwa ishara, na muuzaji humjibu kwa vidole. Moja hadi tano hakuna shida. Kuanzia sita, hesabu ya vidole ya Wachina huenda njia yake, kwa mkono mmoja tu. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vilivyonyooshwa, ishara ambayo kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam ina maana ya "nipigie simu". Nane ni kidole gumba na kidole cha shahada. Kwa macho ya mgeni, hivyo ni vidole viwili, basi bei ni yuan mbili.

Hesabu yake si ndogo. Mtu anayetaka mikoba 500 kwa yuan mbili anajiandaa kulipa yuan 1,000. Kwa yuan nane, deni ni 4,000. Kumi nayo baadhi ya wauzaji huionyesha kwa kupishanisha vidole vya shahada vya mikono miwili. Mnunuzi hudhani amekataliwa, akaondoka kwenye bei ambayo huenda ingemfaa.

Kusikia nako kuna mitego. Nne ni si, kumi ni shi, na Wachina wengi wa kusini, Guangzhou ikiwamo, hutamka maneno hayo karibu sawa. Kumi na nne ni shisi, arobaini ni sishi. Hata kununua na kuuza huandikwa kwa neno moja, mai, kwa herufi za Kilatini. Tofauti iko kwenye sauti: la kununua hushuka kisha likapanda, la kuuza hushuka kwa ghafla.

Kwenye fedha nyingi kuna neno wan, yaani elfu kumi. Wachina hawahesabu kwa maelfu na malaki kama Waswahili, bali kwa makumi elfu. Mashine ya wan tatu ni ya yuan 30,000, si 3,000. Laki moja ya Mswahili ni wan kumi.

Kisha kuna punguzo. Bango lenye tarakimu 8 na neno zhe humfanya mgeni afikirie amepunguziwa asilimia nane. Maana yake ni kwamba atalipa sehemu nane kati ya kumi: kitu cha yuan 100 kitauzwa 80. Hapo mgeni amenufaika. Lakini anayeona 9 akadhani punguzo limeongezeka ataumia, kwa sababu tisa ni kulipa yuan 90. Kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa, ndivyo punguzo linavyokuwa dogo.

Dawa ya yote haya ipo juu ya meza ya karibu kila kibanda: kalkuleta. Muuzaji huandika, mnunuzi hufuta na kuandika yake, mpaka wakubaliane. Wazoefu hawaishii hapo. Hupiga picha ya tarakimu iliyokubaliwa pamoja na bidhaa yenyewe, wakahakikisha bei ni ya kipande kimoja na si ya dazeni au katoni, kabla ya kutoa hata senti ya malipo ya awali.

Saa ya Waswahili na saa ya tiketi

Kosa la saa ni la Waswahili wenyewe, na linawapata hata waliokwenda shule. Wakala anaposema kwa Kiingereza kwamba gari litakuja hotelini saa 2 mchana, maana yake ni 14:00, yaani saa nane kwa hesabu ya Kiswahili. Anayepokea ujumbe humwambia mwenzake wa chumba cha pili kwa sauti, "saa mbili". Mwenzake anaamka mapema, anasimama mlangoni asubuhi, na hakuna gari. Siku ambayo kosa linageukia upande mwingine, gari huondoka mtu akiwa kitandani.

Tiketi za China zinatumia saa 24, na ni salama kuyasoma maandishi hayo kama yalivyo, bila kuyatafsiri njiani. Nchi nzima, pamoja na ukubwa wake, ina saa moja tu rasmi. Saa hiyo imetangulia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa tano, na Kigali na Bujumbura kwa saa sita.

Tofauti hiyo inagusa fedha moja kwa moja. Soko kubwa la Yiwu, mkoani Zhejiang, lenye vibanda zaidi ya 70,000, hufunga kazi jioni mapema, kwenye saa 11. Wakati huo Dar es Salaam ni saa sita mchana, na Kigali ni saa tano asubuhi. Anayetegemea ndugu au mshirika amtumie fedha kupitia benki ya nyumbani ana nusu siku tu ya kufanya hivyo. Ikiwa ni Ijumaa na nusu siku hiyo imepita, muuzaji atasubiri hadi Jumatatu, au atampa mzigo mteja mwingine.

Guangzhou ina stesheni ngapi?

Abiria wa reli ya SGR nchini Kenya anajua kwamba stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si katikati ya jiji. Guangzhou ni hivyohivyo, ila mara kadhaa. Ipo stesheni kongwe ya Guangzhou, ipo ya mashariki, ipo ya kaskazini, ipo ya Baiyun iliyofunguliwa mwishoni mwa 2023, na ipo ya kusini, kubwa, iliyofunguliwa mwaka 2010 katika wilaya ya Panyu. Kutoka katikati ya mji hadi ya kusini, metro hutumia zaidi ya nusu saa. Mtu akikosea, muda wa kurekebisha haupo.

Maneno manne yanatosha kumwokoa. Dong ni mashariki, xi ni magharibi, nan ni kusini, bei ni kaskazini. Ndiyo maana Beijing ni "mji mkuu wa kaskazini" na Nanjing ni "mji mkuu wa kusini". Guangzhounan kwenye tiketi, basi, ni Guangzhou Kusini. Dereva wa teksi aonyeshwe neno zima, tena kwa maandishi ya Kichina.

Tiketi yenyewe imefungwa kwenye pasipoti. Aliyekosea tarakimu moja ya namba ya pasipoti wakati wa kununua, au aliyepata pasipoti mpya baada ya kununua, husimamishwa getini. Kabla ya geti kuna ukaguzi wa mizigo, na geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, hata kama treni bado inaonekana. Aliyeachwa asikate tamaa haraka: dirisha la tiketi linaweza kumbadilishia treni nyingine ya siku hiyohiyo, nafasi ikiwapo.

Simu isiyopiga, fedha isiyopokelewa

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaishi kwenye WhatsApp. China imefungiwa, sawa na Facebook na huduma za Google. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi kwa kawaida huendelea kupata huduma hizo, lakini gharama yake ni ya kuulizia kabla ya kupanda ndege. Wachina wenyewe wanatumia WeChat, na wakati mwingine kuifungua kunahitaji mtu mwingine anayeitumia athibitishe. Ni rahisi kumpata mtu huyo ukiwa nyumbani kuliko kwenye foleni ya teksi. Ramani za Google, hata zikifunguka, zinaweza kumweka mtu mamia ya mita kando ya alipo, kwa sababu China ina mfumo wake wa vipimo vya ramani.

Kulipa ni kwa simu. Muuza ndizi, dereva na mwenye mgahawa wote wana alama ya mraba ya kuskani ya Alipay au WeChat. Noti bado ni halali na muuzaji haruhusiwi kuzikataa, lakini chenji ni shida. Mtu aliyezoea M-Pesa haoni jambo geni hapa. Ugeni ni kwamba kadi ya benki ya nyumbani inapounganishwa na programu hizo, namba ya siri ya uthibitisho hutumwa kwenye laini ya nyumbani. Laini ikiwa imezimwa ndani ya begi, namba haifiki na safari ya teksi huishia kwa maneno. Kadi iunganishwe kabla ya kuondoka.

Kulala nako kuna sheria. Mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika anapolala. Hoteli humwandikisha yenyewe. Anayekwepa gharama kwa kulala kwa rafiki au ndugu hana budi kujiandikisha polisi mwenyewe au kuandikishwa na mwenyeji wake, na akipuuza anaweza kutozwa faini hadi yuan 2,000. Akiba ya usiku kadhaa huishia hapo.

Jingine ni jipya. Tangu Juni 28, 2025, pawabanki isiyo na alama ya ubora ya China inayoitwa 3C hairuhusiwi kwenye ndege za safari za ndani. Iliyonunuliwa nyumbani mara nyingi haina alama hiyo, na hubaki kwenye ukaguzi.

Kalenda na heshima

Maonyesho ya Canton yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, kila mara kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni ya vifaa vya umeme na mashine, ya pili ni ya vitu vya nyumbani, ya tatu ni ya nguo, viatu na vitu vya kuchezea watoto. Muuza nguo anayefika na awamu ya kwanza atatazama majenereta. Awamu ya tatu ya Aprili huangukia Mei mosi, wakati Wachina wenyewe wako likizo na treni zimejaa. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na Februari, hufunga viwanda kwa wiki kadhaa. Oda isiyomalizika kabla ya hapo husubiri.

Hata mchana una kalenda yake. Baada ya chakula, ofisi nyingi huzima taa na watu wakalala kidogo mezani. Mgeni anayegonga mlango saa saba hafanyi kosa la jinai, lakini mazungumzo huanza vibaya.

Kwa upande wa zawadi, saa ya ukutani haifai: kumpa mtu saa, kwa matamshi ya Kichina, kunafanana na kumzika. Kofia ya kijani kwa mwanamume hutania kwamba mkewe ana mtu mwingine. Kahawa ya nyumbani haina lawama.

Mengine hayahitaji kujifunzwa. Muuzaji atamwita mteja laoban, kama vijana wa Kariakoo wanavyoita "bosi". Mzee atamsalimu kwa kuuliza kama amekula. Mtu wa mpakani anaijua salamu hiyo, na anajua pia kwamba aliyekula pamoja na mwenye mali huwa hapati bei mbaya sana. Ila bei hiyo nayo, akishanawa mikono, aiombe iandikwe kwenye kalkuleta.