Mtoto anataka fizikia: tumkubalie?



Mwezi huu tunagusa jambo linaloleta kelele katika nyumba nyingi. Kijana yuko S3, mtihani wa taifa unakaribia, na lazima aseme ataendelea na masomo gani. Anasema: "Mimi nataka fizikia." Baba anatikisa kichwa. Mama anauliza: "Mwanangu, fizike itakupatia kazi gani? Si ujifunze kushona, upate feza ya haraka?" Jirani naye anaongeza kwamba hayo ni masomo ya watoto wa matajiri, tena ya wavulana.

Maswali ya wazazi si ya kipuuzi. Anayeishi kwa msaada anahesabu kila mwaka. Lakini kabla ya kusema hapana, tuangalie fizikia inafanya kazi wapi. Hatuhitaji kwenda Ulaya. Twende Mudende.

KATI YA MLIMA NA ZIWA

Kwa familia nyingi za Wakongo jina hilo ni zito. Kambi ya Mudende ilishambuliwa Agosti 1997, ikashambuliwa tena Desemba. Watu wengi waliuawa, na waliobaki walihamishiwa Gihembe, Byumba. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 pale, leo ni mzazi. Pengine ndiye anayeulizwa swali hili na kijana wake.

Sasa tazama mahali penyewe. Mudende ipo chini ya milima ya volkeno. Ng'ambo ya mpaka kuna Nyiragongo. Ukishuka, unafika Gisenyi na Ziwa Kivu. Mlima na ziwa, vyote ni darasa la fizikia, na vyote vinagusa uhai wa watu.

Tuanze na hewa. Watu wa Goma na Gisenyi wanalijua neno mazuku, ule upepo mbaya unaoua bila kelele. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo inalala katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi au mtoto mdogo anaweza kufa mahali ambapo mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Wazee waliliona jambo hilo, fizikia inaeleza sababu yake. Na neno lenyewe, mazuku, leo wanasayansi wa nchi nyingi wanaliandika hivyo hivyo katika kazi zao.

Halafu ziwa. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, na huko chini kuna karibu kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za hewa ya ukaa. Gesi hiyo inabaki chini kwa sababu maji ya juu yanaikandamiza. Fungua chupa ya soda uone: kifuniko kikitoka, mapovu yanapanda. Wahandisi wanafanya vile vile. Wanashusha bomba refu, maji ya chini yanapanda, mkandamizo unapungua, gesi inajitenga, inasafishwa, kisha inachomwa ili kutoa umeme. Tangu 1963 gesi ya Rubona, Gisenyi, ilitumika katika kiwanda cha bia. Baadaye ukaja mtambo wa KivuWatt huko Karongi wenye megawati 26, na ule wa Shema Power hapo Rubavu uliojengwa kwa megawati 56.

Kupima ziwa ni ulinzi pia. Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika hewa ya ukaa usiku mmoja, na watu kama 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana. Lazima awepo mtu anayeyapima maji yake na kuelewa anachokiona.

Na mlima wenyewe? Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na watu mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakivuka kuja Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, na safari hiyo karibu bila dalili za mapema. Goma kuna kituo cha kuchunguza volkeno ambapo watu wanasikiliza ardhi kwa mashine za kupima mitetemo. Kazi yao haijakwisha. Inangoja vijana.

KIJANA ALIYEULIZA

Mnamo 1963 kijana Mtanzania, Erasto Mpemba, alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba. Wakitengeneza aisikrimu, aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakamcheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 waliandika pamoja, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Mpemba mwenyewe baadaye alifanya kazi ya wanyamapori. Kwa hiyo, mzazi, usiogope kwamba fizikia inamfungia mtoto ndani ya chumba kimoja. Inamfundisha kupima na kuuliza, na hayo anayabeba popote.

TUSEME UKWELI

Njia hii si ya feza ya haraka. Ni miaka 3 ya S4 hadi S6, kisha chuo. Bila hisabati haiendi. Zamani Rwanda ulichagua PCM, PCB au MPG. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026 zimekuja njia pana, na fizikia ipo katika ile ya hisabati na sayansi. Msaada wa chuo kwa wakimbizi upo, kama DAFI iliyoanza 1992, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji, na alama ndizo zinazosema. Kwa anayefika mbali, Kigali kuna taasisi ya ICTP-EAIFR, iliyofunguliwa 2018, inayofundisha fizikia ya juu.

Kama fedha au alama hazitoshi, kuna mlango wa ufundi: umeme, sola, kutengeneza simu na redio. Hiyo nayo ni fizikia, na sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Tena wasichana wasirudishwe nyuma. Mashine ya mitetemo haiulizi nani ameisoma.

Kabla ya kujaza fomu, kaeni pamoja nyumbani mjibu haya:

1. Alama zake za hisabati kwa mihula mitatu zinapanda au zinashuka?
2. Anapenda somo lenyewe, au anamfuata rafiki?
3. Shule iliyo karibu ina mwalimu wa fizikia na vifaa vya majaribio?
4. Nani atalipa S4 hadi S6? Ofisi ya elimu ya kambi inasemaje?
5. Chuo kisipopatikana, ataingia mlango gani wa pili?

Kama majibu manne kati ya hayo ni mazuri, mwacheni ajaribu. Kama ni mawili, msimvunje moyo: mpelekeni kwa mwalimu wa hisabati wiki hii, si baada ya mtihani. Nawe kijana, usimwambie mama "hunielewi". Chukua chupa ya soda, ifungue mbele yake, umweleze Ziwa Kivu.