Ramani Mbili za Nchi Moja: Kuisoma Historia ya Simbo na Mwambao wa Ujiji

Watu wengi huifikiria ramani kuwa ni chombo cha msafiri tu: hufunguliwa njia inapopotea na kukunjwa njia inapopatikana. Lakini ramani ya topografia, yaani ile inayoonyesha vilima, mabonde, mito, barabara, vijiji na mashamba, ina kazi nyingine isiyojulikana sana. Ni shahidi mwenye tarehe. Hueleza jinsi nchi ilivyokuwa siku mpimaji alipopita, au siku ndege ilipoipiga picha kutoka angani. Baada ya siku hiyo nchi huendelea kubadilika, lakini ramani haibadiliki. Kwa hiyo mtu akiziweka pamoja ramani mbili za mahali pamoja, zilizochorwa nyakati mbalimbali, tofauti anazoziona baina yake ndizo historia ya mahali hapo.

Tuchukue mfano wa Simbo, katika Wilaya ya Kigoma. Simbo iko upande wa bara kutoka mji wa kale wa Ujiji, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala hadi Kalya. Karibu nayo kuna bonde la Mto Luiche, ambao humwaga maji yake ziwani kusini ya Ujiji. Katika eneo hili dogo, ambalo mtu aweza kulizunguka kwa baiskeli kwa siku chache, yamepita mambo makubwa: misafara ya pembe na watumwa, kupanda na kushuka kwa ziwa, kuja kwa reli, na kuhama kwa vijiji. Mengi ya mambo hayo yameacha alama katika ramani.

NCHI ILIVYOINGIA KATIKA RAMANI

Wazungu wa kwanza kufika Ujiji na kuandika habari zake kwa vipimo walikuwa Richard Burton na John Speke, waliofika mwezi Februari, 1858. Walipima mwinuko wa ziwa kwa kuchemsha maji. Njia hiyo yategemea kanuni ya kweli ya fizikia: kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo kani ya hewa inavyopungua na maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Hata hivyo, kipimajoto kikiwa na kosa dogo tu, mwinuko hukosewa kwa mamia ya futi. Hesabu yao ilitoa takriban futi 1,800, ilhali ziwa liko zaidi ya futi 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, kuanzia miaka ya 1890, ilianza kuchapishwa ramani ya koloni zima kwa skeli ya 1:300,000. Kazi hiyo iliongozwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Ramani hiyo, ambayo Ujiji huandikwa Udjidji, ilijengwa kwa kuunganisha michoro ya njia walizopita maofisa, wamisionari na wasafiri. Kandokando ya njia hizo kuna majina mengi ya vijito, vilima na vijiji. Katikati ya njia na njia kuna nafasi nyeupe. Msomaji asidanganyike akadhani nafasi nyeupe ni nyika isiyokuwa na watu. Ni mahali ambapo mpimaji hakupita.

Katika miaka ya 1930 Martin Hotine aliongoza upimaji wa pembetatu katika sehemu ya Tanganyika ya mstari mkubwa unaofuata longitudo 30 mashariki, mstari unaopita si mbali na Kigoma. Mwaka 1946 Hotine huyo huyo akawa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya Uingereza iliyopewa kazi ya kupima makoloni. Idara hiyo ilitumia picha za anga, na kutokana nazo ikatokea ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo iliendelezwa na idara yetu ya upimaji na ramani baada ya Uhuru. Hapo nafasi nyeupe zilitoweka, kwa kuwa kamera ya ndege huona palipo na njia na pasipo na njia.

KONTUA NA ZIWA LILILORUDI NYUMA

Alama yenye manufaa makubwa katika ramani ya topografia ni kontua, yaani mstari unaounganisha mahali pote penye mwinuko mmoja. Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, nchi ni tambarare. Katika ramani nyingi za Tanzania za skeli ya 1:50,000 kontua huachana kwa meta 20, au kwa futi 50 katika ramani za zamani zaidi.

Kwa alama hiyo twaweza kulijibu swali ambalo huwashangaza wageni wa Ujiji. Henry Stanley alipokutana na Dkt. David Livingstone mwaka 1871, Ujiji ilikuwa bandari, na soko lake lilikuwa karibu na maji. Mahali panapokumbukwa kwa mkutano huo, penye mnara na miembe, leo pako mamia ya meta kutoka ufukweni. Je, mji ulihama? La. Ziwa ndilo lililohama.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Mto Lukuga, upande wa Kongo. Verney Cameron alifika hapo mwaka 1874 akaona majani mengi na mkondo dhaifu unaotoka ziwani. Stanley alifika mwaka 1876 akakuta mlango umezibwa kwa matope na mimea. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, na baada yake Joseph Thomson, waliona maji yakitoka kwa nguvu. Wasafiri hao walibishana sana, lakini ugomvi wao ulikuwa wa tarehe kuliko wa ukweli. Maji yalikuwa yakipanda nyuma ya kizuizi. Mwaka 1878 yakakivuka na kukichimba. Katika muda usiozidi miaka 20 ziwa likashuka kwa takriban meta 10.

Sasa tuifungue ramani. Uso wa ziwa katika miaka ya kawaida uko kati ya meta 773 na 775 juu ya usawa wa bahari. Kontua ya kwanza kutoka ufukweni, katika ramani inayotumia meta, ni ya 780. Ziwa lilipokuwa limejaa mwaka 1878, karibu ardhi yote iliyoko chini ya kontua hiyo ilikuwa chini ya maji. Mtu akiifuata kontua ya 780 kwa kalamu ya rangi, anachora kwa makadirio ufuko wa zama za babu wa babu zake. Penye mteremko wa meta 1 kwa kila meta 100, kushuka kwa maji kwa meta 10 huanua kilometa nzima ya nchi kavu. Penye vilima vinavyoingia ziwani, kushuka huko huko huonekana kwa shida.

Hapo pia ndipo tunapopata sababu mojawapo ya Kigoma kuipita Ujiji. Ghuba ya Kigoma imezungukwa na vilima na ina kina. Mwambao wa Ujiji ni wa wazi, na maji yake ni haba karibu na nchi. Wajerumani walipoifikisha reli ziwani, mwaka 1914, waliipeleka Kigoma, na Ujiji ikaachwa kando. Mwenye kuzitazama kontua za mahali hapo pawili hahitaji maelezo marefu.

VIJIJI VILIVYOHAMA

Maji siyo pekee yaliyohama. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa nchi ya Uha na kuwakusanya katika makazi mapya, ili kuwatenga na mbung'o waenezao ugonjwa wa malale. Makazi ya zamani yakaachwa, na miombo ikayafunika. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, iliyowakusanya wananchi wa mkoa huu katika vijiji, kabla ya uhamiaji wa vijijini kufanywa amri ya nchi nzima mwaka 1973. Waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mmoja kando ya shamba lake, walijenga kwa safu karibu na barabara.

Kwa sababu hiyo ramani iliyotokana na picha za kabla ya mwaka 1972 na ile iliyotengenezwa baadaye ni kama ramani za nchi mbili. Katika ile ya kwanza nyumba ni nukta zilizotawanyika juu ya migongo ya vilima. Katika ya pili nukta zimejipanga barabarani, na vilima ni kijani kitupu. Mgeni akiiona ya pili peke yake atasema kuwa huo ni msitu wa asili. Akiiona ya kwanza atajua kwamba palikuwa na watu, mashamba na makaburi, na kwamba msitu huo huenda una umri wa mtu mzima tu.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama. Walimu na wanafunzi wa shule yoyote waweza kuifanya, nayo ina hatua tano.

Kwanza, isomwe pambizo ya ramani kabla ya ramani yenyewe. Humo huandikwa mwaka wa picha za anga na mwaka wa kuchapwa. Ushahidi ni wa mwaka wa picha. Kati ya miaka hiyo miwili yaweza kupita miaka mingi.

Pili, skeli zilinganishwe. Sentimeta 1 katika ramani ya 1:300,000 ni kilometa 3. Katika ramani ya 1:50,000 kilometa hizo 3 ni sentimeta 6. Kwa hiyo ramani ya zamani ikuzwe mara 6 ndipo ziwekwe pamoja. Ikumbukwe pia kwamba nusu milimeta katika ramani ya 1:50,000 ni meta 25 ardhini, na kwamba nyumba huchorwa kubwa kuliko ilivyo ili ionekane.

Tatu, kwa karatasi inayopitisha nuru zinakiliwe nyumba, njia na mito ya ramani moja, kisha karatasi hiyo iwekwe juu ya ramani nyingine. Palipo na nukta katika moja na pasipo na kitu katika nyingine ndipo pa kuuliza.

Nne, majina yapelekwe kwa wazee. Mpimaji mgeni aliandika alivyosikia: Mto Luiche uliandikwa Ruche na Burton, na Liuche na Stanley. Mzee anayejua Kiha ataweza kusema jina lina maana gani, lilikuwa la mahali gani hasa, na nani waliishi hapo.

Tano, watu waende kwa miguu. Penye mahame kuna alama: miembe mikongwe, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia. Mchikichi unaosimama peke yake kati ya miombo mara nyingi hueleza kwamba hapo paliwahi kuwa na mtu.

Siku hizi picha za setilaiti zimeongeza ushahidi huu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na kwa kulinganisha picha za miaka mbalimbali watafiti wameonyesha jinsi misitu iliyo nje ya Hifadhi ya Gombe, kaskazini ya Kigoma, ilivyopungua. Katika vijiji vya huko wananchi wenyewe walikaa na picha hizo wakazitaja chemchemi, njia na mipaka yao. Picha iliona yote, lakini haikujua jina hata la kilima kimoja.

FAIDA YAKE NI NINI?

Ziwa halikutulia baada ya kushuka. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 lilipanda hadi kilele cha mwaka 1964, na kuanzia mwaka 2020 lilipanda tena, maji yakaingia katika nyumba, mialo na magati kutoka Bujumbura hadi Kigoma. Wengi waliona ni msiba usiokuwa na mfano. Kontua ya 780 yasema vingine: ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya ziwa katika wakati usiofika miaka 150 iliyopita. Si kila mwaka maji yataidai, lakini mwenye kujenga hapo anapaswa kujua jambo hilo kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Kadhalika, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavitaka vijiji viwe na mipaka inayotambulika. Mabishano ya mipaka mara nyingi hutokea pale ambapo kijiji kimoja kinaliita pori kile ambacho kijiji kingine kinakiita mahame ya wazazi. Ramani mbili, zikisomwa mbele ya pande zote mbili, haziwezi kuhukumu, lakini zaweza kuonyesha nani walikuwa wapi, na lini.

Ramani za zamani zimo katika ofisi na makavazi, na hata zikikaa miaka mingine 50 zitasomeka. Waliohamishwa mwaka 1972 wakiwa vijana ni wazee sasa, na walioyakumbuka makazi ya malale wamekwisha karibu wote. Nukta isiyokuwa na jina katika ramani yaweza kupewa jina leo na mtu anayeishi Simbo. Basi karatasi na kalamu zipelekwe kwake mapema, maana baada yake nukta itabaki kuwa nukta.