Taruma, Pingili na Kizingiti: Istilahi za Kutengeneza Shingo ya Gitaa

Si zamani sana tuliletewa shauri dogo lililotupotezea siku nyingi. Taasisi moja yenye bendi yake iliomba fedha za kutengenezea gitaa kuukuu la umeme. Fundi alikuwa ameandika kwamba “waya za shingo zimekwisha”. Karani, ambaye alijua gitaa lina nyuzi, akasahihisha waya kuwa nyuzi. Mtunza bohari akanunua seti tatu za nyuzi mpya, hati zikatiwa sahihi, na fungu likafungwa. Nyuzi zilipofungwa gitaa likakwaruza pale pale lilipokuwa likikwaruza. Hapana aliyeiba wala aliyezembea. Lililokosekana ni neno.

Kosa hilo lina asili yake. Vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwa kukingama shingo ya gitaa huuzwa vikiwa kipande kirefu kilichokunjwa, na orodha za bei za Kiingereza hukiita waya. Mfasiri huandika waya. Lakini kwa wapigaji wetu wengi waya ni uzi wa gitaa, na hivyo neno moja likabebeshwa vitu viwili vinavyogusana na kulana. Fundi mmoja wa Temeke, ambaye tulikaa katika karakana yake siku mbili tukiandika maneno, alitukata kauli mapema: “Waya ni ile inayolia, wanangu. Hiki ni chuma.” Yeye husema vyuma, kijana wake husema freti.

Yafaa tujiulize kwa nini lugha yenye utamaduni mrefu wa muziki haikuwa na jina la kitu hiki. Jibu limo katika ala zenyewe. Udi na fidla, ambazo taarabu ya pwani imezitegemea, hazina vyuma hivyo. Kidole cha mpigaji ndicho kinachotafuta mahali pa sauti. Gitaa lilipoenea katika muziki wa dansi, bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa chini ya vyama na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo kwa kupitia majina ya JUWATA na OTTU imekuwa Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, nayo ilikuwa mali ya shirika. Katika mpango wa namna hiyo gitaa ni mali ya mwajiri, na matengenezo yake hupita mezani kwa karani kabla ya kufika kwa fundi. Ndiyo maana tunadai kuwa jambo hili si la wanamuziki peke yao.

Tulikuwa na maneno manne mbele yetu. Freti halina ubaya wa matamshi, ila halimwambii msomaji kitu. Chuma ni pana mno, kwani ndani ya shingo ya gitaa la umeme aghalabu mna ufito wa chuma unaozuia ubao usipinde. Kizingiti lilitupendeza, lakini linafaa zaidi kwa kile kipande chenye mikato kilichopo mwisho wa shingo, ambapo nyuzi huingia kutoka kichwani. Tukabaki na taruma.

Mataruma ni mbavu za chombo cha baharini, na kila msafiri wa reli ayajua yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya njia. Tazama shingo ya gitaa kutoka juu: nyuzi zapita kwa urefu kama reli, na vile vyuma vimekingama chini yake. Wahispania nao huita kitu hiki kwa neno lenye asili ya Kilatini lililotaja boriti ya kukingama au benchi la wapiga makasia, na Wajerumani kwa neno lenye maana ya kifungo, kwa sababu zamani mataruma yalikuwa kamba za utumbo zilizofungwa shingoni.

Nafasi iliyopo baina ya taruma na taruma tunapendekeza iitwe pingili, kama ya muwa. Hapa Kiswahili chaweza kuwa na uangalifu kuliko Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa yote mawili. Mwalimu asemapo “weka kidole kwenye taruma la tatu”, mwanafunzi hukiweka juu ya chuma na sauti ikafa. Aseme “pingili ya tatu”.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Taruma hutengenezwa kwa aloi ya shaba, zinki na nikeli, ambayo wafanyabiashara huiita fedha ya Kijerumani ingawa haina fedha hata chembe. Uzi wa chuma cha pua ni mgumu kuliko aloi hiyo. Kila unapokandamizwa huichimba, na katika hewa ya pwani, yenye chumvi na jasho, uzi uliopata kutu huwa kama tupa. Baada ya miaka, mgongo wa taruma huwa na mifuo. Uzi ulioshuka ndani ya mfuo hugusa taruma linalofuata. Huko ndiko kukwaruza. Kwa mpiga rithimu, mifuo hutokea kwanza karibu na kichwa. Mpiga solo, ambaye kazi yake kubwa iko kwenye chemko, hula na mataruma ya juu pia.

Mifuo ikiwa mifupi, fundi husawazisha. Hunyoosha shingo, hupaka migongo ya mataruma wino, kisha hupitisha tupa ndefu iliyonyooka mpaka wino utoke kote. Makosa mengi hutokea hapa, kwani wengine huishia hapo. Taruma lililosawazishwa huwa bapa juu, na uzi huachana nalo kwenye ukingo wa upande wa daraja badala ya katikati. Uzi unaolia huwa mfupi kuliko ulivyokusudiwa, na sauti hupanda. Kwa gitaa lenye urefu wa milimita 648, kipimo cha kawaida cha Fender, pingili ya kwanza ni kama milimita 36.4, na taruma la 12 huwa milimita 324, nusu kamili. Hesabu kama hiyo haivumilii ukingo mpana. Kwa hiyo hatuna budi kuwa na istilahi ya pili: kuvirigisha, yaani kulirudishia taruma mgongo wa mviringo. Baadaye ndipo huja msasa na kung'arisha.

Taruma likiwa limekwisha kabisa, hubadilishwa. Hupashwa moto kwa chuma cha kulehemia ili gundi ilegee, kisha hung'olewa polepole kwa koleo. Chini lina ulimi wenye vimeno vinavyong'ang'ania mkato wa ubao, na vimeno hivyo hupenda kutoka na vibanzi. Fundi wetu huziba kwa vumbi la mpingo na gundi. Wafasiri, tukumbuke, huupa mpingo jina la Kiingereza la mti wa jenasi Diospyros. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni ndugu wa miti ya Brazili na India iliyotumiwa kwa mbao za shingo za magitaa mengi.

Kwa karani, basi, maombi matatu ni tofauti kwa kazi na kwa bei: kubadili nyuzi, kusawazisha na kuvirigisha mataruma, kubadili mataruma. Tumekwisha kuyaandika hivyo katika rasimu. Limebaki jina la ile tupa yenye uso mbonyeo inayovirigisha. Tulipomwuliza fundi, alisema yeye huitumia tupa ya pembe tatu aliyoinoa kingo, na hajaona haja ya kuipa jina.