Albamu ya "Duma": Kelele Tuliyoihukumu Kabla ya Kuisikiliza

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ipo kazi moja ya vijana wetu ambayo imenyongwa na haki yake haijatolewa. Nayo ni albamu iitwayo "Duma", iliyotolewa mwezi Agosti 2020 na wanamuziki wawili wa Kenya, Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, na mwenzake Sam Karugu. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa sifa tele. Huku nyumbani, muulize mwalimu wa muziki mjini Meru au mwanafunzi wa chuo mjini Embu habari za "Duma", na yamkini atadhani unamuulizia yule mnyama wa mbugani ashindaye wote kwa mbio.

Wenyewe walilieleza jina hilo kuwa na maana ya giza katika lugha ya Kikuyu. Na giza ndilo wanalolifanyia kazi tangu mwanzo wa albamu hadi mwisho. Muziki wao umetoka katika ukoo wa metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na sauti zinazokwaruza koo, lakini umechanganywa na midundo iliyoundwa kwa tarakilishi na mivumo ya mitambo ya umeme. Wanaopenda kuainisha watakwambia kwamba hii si metali nyeusi halisi kama ile ya Norwei. Wasemalo ni kweli. Hata hivyo, kuna tawi la metali nyeusi lisilotegemea wimbo wenye kiitikio na beti, bali hutegemea hali: msikilizaji hutiwa ndani ya ukungu, msitu au usiku wa baridi, akaachwa humo hadi macho yazoee. "Duma" hufanya kazi iyo hiyo, isipokuwa giza lake ni la Afrika Mashariki.

Ilirekodiwa mjini Kampala, katika studio ya kampuni ya Nyege Nyege Tapes. Msomaji wa Kiswahili asikunje uso kwa jina hilo. Asili yake ni neno la Kiganda, ekinyegenyege, yaani ile hamu isiyozuilika ya kucheza ngoma inapolia. Jina hilo hilo hubebwa na tamasha la muziki lililoanza nchini Uganda mwaka 2015, na ambalo mwaka 2018 lilipigwa marufuku na aliyekuwa Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, kisha likaruhusiwa kuendelea kwa masharti. Kwa hivyo albamu hii ilizaliwa mahali ambapo sanaa na hofu ya wakubwa vilikuwa vimekwisha kugongana.

Hofu hiyo nasi tunayo. Walimu wa makamo watakumbuka kwamba mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uongozi wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake, iliyowekwa hadharani mwaka 1999, ilishikilia kwamba ibada hizo zilikuwapo nchini, shuleni zikiwemo. Si nia yangu kuifufua kesi hiyo hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba tangu enzi hizo mwanafunzi aliyevaa fulana nyeusi na kusikiliza magitaa makali alijikuta ameshukiwa kabla hajafungua kinywa. Shuku ina gharama. Mtoto akishaitwa mfuasi wa shetani mbele ya wenzake, neno hilo humfuata bwenini, mezani na hata nyumbani kwao, na hapana mtihani awezao kuufanya ili aoshe jina.

Ni haki kukiri kwamba muziki wa ukoo huu una doa lake. Huko Norwei, mapema katika miaka ya 1990, baadhi ya vijana wa metali nyeusi walichoma makanisa, likiwemo kanisa la kale la mbao la Fantoft lililoteketea mwezi Juni 1992. Hayo hayafichiki wala hayatetewi. Lakini kuwahesabia Khanja na Karugu uovu wa vijana wa Bergen ni sawa na kuwapiga marufuku wacheza nzumari wote kwa sababu mmoja wao aliiba mbuzi.

Katika "Duma" kimo kibao ambacho jina lake hubeba tarakimu 666. Mwalimu akiiona atashtuka, na hana kosa kushtuka. Ila akumbuke kwamba tarakimu hiyo haikutungwa na wapiga gitaa. Imo katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 13, kitabu kisomwacho makanisani kuanzia Runyenjes hadi Maua. Kitabu hicho kimejaa wanyama wenye pembe, baragumu, moto na nyota zianguka­zo, wala hakuna adaiye kwamba mwandishi wake aliusifu uovu kwa kuusimulia. Kutaja giza si kuliabudu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uhakiki wote wa fasihi, na ndiyo tunayowafundisha wanafunzi kila wanaposoma tamthilia yenye jitu katili.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Anayeisikiliza mara ya kwanza atasikia kelele tupu, na huenda akakumbuka methali isemayo debe tupu haliachi kuvuma. Anayerudia atatambua kwamba kelele ile ina tabaka. Chini kabisa pana mvumo mzito usiokatika, mfano wa jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Juu yake hupita midundo ya kasi isiyowezekana kwa mikono ya binadamu. Gitaa la Karugu halipigi tyuni, hutandaza wingu. Sauti ya Khanja ndiyo kitu pekee chenye mwili humo ndani: mara ni ukelele mwembamba, mara ni mguno wa chini, mara ni pumzi tu ya mtu aliyechoka. Baada ya dakika kadhaa masikio huacha kutafuta wimbo na kuanza kusikia mahali. Hapo ndipo ustadi wao ulipo. Si rahisi kukijenga chumba kwa sauti na kumfanya mgeni aamini kwamba amekiingia.

Naamini kwamba watu wa Meru na Embu wana sababu zao za kukielewa chumba hicho upesi kuliko wakosoaji wa London. Sababu ya kwanza ni ngoma. Ukivuka mto Thuci kutoka Embu unaingia nchi ya Wachuka, ambao upigaji ngoma wao umejulikana nchini kote. Ngoma yao ni ndefu, ya gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, akainama nayo, akaipiga kwa viganja huku kiwiliwili kizima kikitikisika. Wanapokuwa wengi, mtu hawezi tena kuutenga mdundo wa huyu na wa yule. Husikia ngurumo moja inayopanda kutoka ardhini hadi kifuani. Hapana anayesema kwamba hiyo ni kelele. Tunaiita urithi. Sidai kwamba "Duma" imeiga ngoma ya Wachuka. Ninachodai ni kwamba sikio lililolelewa na ngoma hiyo limekwisha kufunzwa kwamba wingi wa mshindo waweza kuwa na maana, na kwamba mwili huelewa kabla ya akili.

Sababu ya pili ni msitu. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, majina matatu yaliandikwa pamoja katika amri zake: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mlima ambao kilele chake hufika mita 5,199 ukawa ngome. Jenerali China, yaani Waruhiu Itote, aliongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa. Alitoka msituni wakati wa uhuru mwaka 1963. Watu hao walijua giza lisilo la mfano wala la mapambo: usiku wa baridi chini ya miti, moto usiowashwa kwa kuogopa moshi, na masikio yaliyotegwa kwa kila kijiti kinachovunjika. Vilevile walijua kwamba nyimbo ni silaha, na serikali ilijua hivyo pia.

Uhusiano huu si wa kubuni kwangu. Khanja, ambaye baada ya "Duma" aliendelea peke yake, alitoa mwaka 2024 albamu iitwayo "The Adept", na akaihusisha na kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mwanamke wa ukoo wake aliyepewa cheo cha Field Marshal katika jeshi la Mau Mau. Mama huyo alikaa msituni hadi uhuru, akazifuga nywele zake kwa miongo mingi baada ya hapo, akakubali zikatwe mwaka 2022, na akafariki dunia Septemba 2023. Kwa hivyo kijana tuliyemdhania mfuasi wa mambo ya Wazungu alikuwa akiulizia habari za nyanya yake. Je, ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wenye nywele zilizonyolewa vizuri na nidhamu ya kupigiwa mfano waliokwisha kuulizia habari za nyanya zao?

Nisingekuwa mhakiki mwaminifu kama ningesifu tu. Maneno ya "Duma" hayasikiki vyema, na msikilizaji asiyekuwa na matini mkononi hupoteza sehemu kubwa ya fikira. Kasi ile ile ikirudiwa mno huchosha. Ngoma ikilia sana, wahenga walisema, hupasuka. Na lipo jambo zito zaidi. Kimo kibao ambacho jina lake humwambia msikilizaji ajiue kabla hawajamuua. Mimi nakichukulia kuwa kilio cha hasira dhidi ya dunia inayowameza vijana, lakini mwanafunzi aliyelemewa na huzuni huenda asikisikie hivyo. Kwa sababu hiyo albamu hii haifai kutupwa mikononi mwa watoto wa shule ya msingi, na mwalimu wa sekondari au chuo anayeichezesha hana budi kukaa na wanafunzi wake, kuwauliza wamesikia nini, na kumtazama kwa makini yule anayenyamaza. Marufuku haitafanya kazi hiyo. Marufuku humpeleka yule mnyamavu akasikilize peke yake usiku, pasipo mtu wa kumuuliza neno.

Basi ningependa kupendekeza zoezi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kila mwaka shule zetu hukesha zikifanya mazoezi ya nyimbo za kiasili. Uzuri wake haukanushiki. Lakini jukwaa la mashindano lina saa na waamuzi, na ngoma iliyokuwa ikipigwa hadi mapambazuko hupunguzwa ikatosha dakika chache. Mwanafunzi hujifunza kushinda. Si lazima ajifunze kusikiliza. Maadamu sasa sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa, mwalimu wa Chuka, Embu au Meru amwalike mzee mpiga ngoma darasani. Apige apendavyo, bila saa. Wanafunzi waandike wanachokisikia: ngazi za sauti, mahali pa kunyamaza, mwendo wa mwili. Juma linalofuata wasikilize kibao kimoja cha "Duma" kilichochaguliwa kwa busara, waandike kwa utaratibu ule ule. Kisha walinganishe.

Natabiri kwamba watagundua mambo mawili. Kwanza, kwamba mzee yule ana elimu ambayo hakuna aliyeirekodi ipasavyo, na kwamba siku zake si nyingi. Pili, kwamba vijana wa "Duma" walifanya jambo ambalo mashindano huliruhusu kwa nadra: walichukua sauti iliyo kubwa kupita kiasi wakaiacha ibaki kubwa, bila kuipunguza ili impendeze mgeni wa heshima. Mwanafunzi atakayeyagundua hayo mwenyewe, kwa kalamu yake, hatakuwa tena mtu wa kuambiwa kipi ni urithi na kipi ni upotovu. Atakuwa na sikio lake.

Simwombi yeyote aipende albamu hii. Wapo watakaoisikiliza hadi mwisho na kusema kwamba haiwafai, na uamuzi wao utakuwa wa haki kwa sababu umetanguliwa na kusikiliza. Ninachowaomba walimu na wanafunzi wa pande za Mlima Kenya ni kwamba hukumu ije baada ya ushahidi. Wageni wamekwisha kuisikiliza kazi ya watoto wetu na kutoa maoni yao. Itakuwa aibu ikiwa wa mwisho kuisikiliza watakuwa wale ambao lugha zao, misitu yao na nyanya zao zimo ndani yake.