Je, Wajua? Akivua Gwanda, Askari Analala Wapi?

Kambini askari hadaiwi kodi: kitanda, mlo na taa ni vya serikali. Siku anapokabidhi vifaa, yote hayo yanabaki getini. Serikali nyingi zimejaribu kuziba pengo hilo, baadhi kwa fedha, baadhi kwa maneno matupu.

ENZI ZA WAFALME

Je, wajua Roma ilikuwa na mfuko wa askari wastaafu miaka 2,000 iliyopita? Zamani wastaafu waligawiwa hata mashamba waliyonyang'anywa wengine. Mwaka 6 BK Kaisari Augusto alianzisha mfuko maalumu, akatia humo sarafu za Kiroma (sesta) milioni 170, kisha akauwekea kodi ya 5% kwenye urithi na 1% kwenye mali inayouzwa mnadani. Wenye mali walinung'unika. Kodi ikabaki.

Je, wajua Les Invalides ya Paris si kaburi la Napoleon tu? Mfalme Louis XIV aliagiza jengo hilo mwaka 1670 liwe makao ya askari wazee na walemavu. Watalii wakipanga foleni kwenye kaburi, askari walioumia bado wanatunzwa humo humo.

Je, wajua vyumba vya wazee wa Chelsea vilikuwa vidogo kiasi gani? Mfalme Charles II wa Uingereza alianzisha makao hayo ya London mwaka 1682, na kila askari alipata kijichumba cha futi 6 kwa 6. Leo kila mmoja ana chumba chenye bafu lake. Anayehamia huacha pensheni yake ya jeshi. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 2009, zaidi ya karne tatu baadaye.

NANI ALIPEWA, NANI ALIRUKWA

Je, wajua mashamba ya Kenya yaliwahi kuchezewa bahati nasibu? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia askari wastaafu wa Kizungu mashamba zaidi ya 1,000, mengine yakimegwa kwenye ardhi ya Wanandi. Askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) na wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo mabegani hawakuwemo kwenye orodha.

Je, wajua jeshi la Marekani liliwahi kuwatimua askari wake wa zamani? Mwaka 1932 maelfu ya wanajeshi waliopigana Ulaya walipiga kambi Washington pamoja na wake na watoto, wakidai malipo waliyoahidiwa. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur aliwaendea na vifaru na mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea. Malipo yalitoka mwaka 1936.

Je, wajua sheria moja iliwapa mamilioni ya Wamarekani nyumba? Mwaka 1944 Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria iliyoifanya serikali mdhamini wa mikopo ya nyumba ya wanajeshi waliorudi vitani, wengi bila kutakiwa malipo ya awali. Hadi mwaka 1952 ilikuwa imedhamini mikopo karibu milioni 2.4.

Je, wajua waliotoa mkopo wenyewe ni mabenki? Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mwaka 1947 uchunguzi katika miji 13 ya Mississippi ulihesabu mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba yenye dhamana hiyo. Iliyokwenda kwa askari weusi ilikuwa 2.

HESABU ILIYOSHUKA

Je, wajua Marekani huwahesabu wasio na makazi usiku mmoja? Kila Januari wafanyakazi na watu wa kujitolea hupita barabarani, chini ya madaraja na kwenye malazi ya muda. Mwaka 2010 walikuta wanajeshi wastaafu 74,087. Mwaka 2024 walikuta 32,882.

Je, wajua mwaka huo huo wa 2024 idadi ya Wamarekani wote wasio na makazi ilipanda kwa 18%, ikafika 771,480? Nchi moja, soko lile lile la nyumba, kodi zile zile. Kundi lililopungua ni lile lililokuwa na bajeti yake na mtu wa kulifuatilia.

Je, wajua ili mtu ahesabiwe mwanajeshi mstaafu si lazima awe amepigana vitani? Mpishi, karani na fundi wa magari wa jeshi nao huhesabiwa.

Je, wajua msaada mkuu wa makazi kwa wastaafu hao una miguu miwili? Wizara ya Nyumba hutoa vocha ya kodi. Wizara ya Wanajeshi Wastaafu hutoa ofisa wa ustawi wa jamii na matibabu. Mpangaji huchangia takribani 30% ya kipato chake, vocha inamalizia. Tangu mwaka 2008 zimetolewa vocha zaidi ya 100,000. Kinachokwamisha mara nyingi ni kumpata mwenye nyumba atakayeikubali.

Je, wajua zamani mtu alitakiwa aache pombe kwanza ndipo apewe chumba? Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis aligeuza utaratibu huo New York: ufunguo kwanza, matibabu baadaye. Mwaka 2012 wizara ya wastaafu iliufuata mtindo huo kwenye mpango wa vocha. Ni vigumu kumeza dawa kwa wakati ikiwa hujui utalala wapi.

Je, wajua mji mkubwa wa kwanza Marekani kutangaza umemaliza tatizo la wastaafu kukosa makazi ni New Orleans? Ndani ya mwaka 2014 wastaafu 227 walipata makazi, na Januari 2015 Meya Mitch Landrieu akatoa tangazo. Orodha ya waliotafutiwa nyumba ilikuwa ya majina, si ya tarakimu. Tangazo hilo halikumaanisha kwamba hakuna atakayelala nje tena, bali kwamba atakayejikuta nje atapatiwa nyumba upesi.

Je, wajua fedha nyingine hutolewa kabla vyombo havijatupwa nje? Mpango ulioanza mwaka 2011 hulipa kodi iliyolimbikizwa, bili ya umeme au amana ya chumba kipya. Humfikia hata mstaafu anayeishi na familia yake.

MITEGO YA MAKARATASI

Je, wajua fidia ya ulemavu iliwahi kuwanyima walemavu nyumba? Ilihesabiwa kama kipato. Aliyeumia zaidi alilipwa zaidi, akavuka kiwango cha umaskini kinachotakiwa, akakosa chumba kilichojengwa kwa ajili yake. Agosti 2024 Wizara ya Nyumba iliagiza fidia hiyo isihesabiwe wakati wa kuamua nani anastahili vocha.

Je, wajua kuna mahakama ya wasio na makazi? Ilianzia San Diego mwaka 1989, baada ya wanajeshi wastaafu kueleza kuwa faini ndogo ndogo na hati za kukamatwa ndizo zinazowazuia kupata kazi na chumba. Juhudi alizokwisha kufanya mtu, kama tiba au mafunzo ya kazi, huhesabiwa badala ya faini.

Je, wajua ardhi ya wastaafu Los Angeles ilipangishwa kwa wengine? Mwaka 1888 Seneta John P. Jones na Arcadia Bandini de Baker waliitoa ijengwe makao ya askari. Miaka ilivyokwenda, sehemu zake zikawa uwanja wa besiboli na viwanja vya michezo vya shule binafsi, huku wastaafu wakilala kwenye mahema nje ya ukuta. Septemba 2024 Jaji David O. Carter aliamua mikataba hiyo ni haramu, akaamuru nyumba zijengwe. Serikali ilikata rufaa.

Je, wajua askari wa Uingereza aliweza kukosa nyumba ya halmashauri kwa kutokuwa "mwenyeji"? Jeshi humhamisha huku na huko, na mwishowe hana mji wa kuuita wake. Mwishoni mwa mwaka 2024 England iliwaondolea wote waliotumikia jeshi la kudumu sharti hilo.

Je, wajua Afrika Kusini imeandika nyumba ndani ya sheria? Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2011 inataja makazi miongoni mwa stahili zao. Lakini Oktoba 2021 wastaafu waliochoka kusubiri stahili waliwazuia mawaziri wawili hotelini karibu na Pretoria hadi polisi walipoingia. Sheria bila fungu la fedha haiezeki paa.

KWA MWENYE NDUGU MAREKANI

Je, wajua huhitaji uraia kuingia jeshi la Marekani? Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa, na Waafrika Mashariki wamo. Kama una kaka, binti au shemeji aliyetumikia na sasa kodi inamshinda, namba ya bure ni 877-424-3838, saa 24, na ndugu pia anaweza kupiga. Hata aliyeachishwa kwa rekodi isiyo njema asijihukumu: baadhi ya mipango inampokea. Apige akiwa bado ndani ya nyumba, maana kulipa malimbikizo ya miezi miwili ni rahisi kuliko kutafuta chumba kipya.